Sikumnyima Ndugu Yako Chakula

Nyumba Na. 41,
Barabara ya Hazelmoor,
Acocks Green,
Birmingham 27.

Jumapili, 10 Machi 1974

Mpendwa Wifi Milka,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Baba Otieno, kisha kila aliye chini ya paa lenu hapo Nakuru. Mvua zimeanza kuonyesha dalili? Mgongo wa Baba Otieno umepata nafuu, au bado anainuka kitini kwa kushika meza? Na Otieno, amepata nafasi ya sekondari? Tafadhali nijibu hayo yote, hata kama mengine nitakayoyaandika yatakufanya usitake kunijibu.

Mimi mwili wangu ni mzima. Awuor hana homa wala kikohozi, ametimiza miaka tisa mwezi uliopita. Habari za ndugu yako nitakupa, lakini nakuomba uketi chini kwanza, na Baba Otieno kama yuko karibu mwite akae nawe.

Wifi, Walter amekatwa mguu. Ni wa kushoto, chini ya goti. Walimkata tarehe ishirini na tatu Januari. Yu hai, amerudi nyumbani, anaongea, lakini mguu haupo. Wiki sita na zaidi zimepita nami sijakuandikia kwa sababu alinikataza. Alisema, "Milka akijua ataanguka." Nimemtii mpaka leo. Sasa nimeshindwa.

Barua yako ya mwanzo wa Januari ilinifikia yeye akiwa bado hospitalini. Niliisomea kwenye ngazi za nyumba, koti likiwa mwilini. Uliandika kwamba Walter amekulalamikia kuwa namnyima chakula, kwamba nampimia ugali kwa mizani kama mwenye duka mchoyo. Ukasema mwanamke anayemlaza mumewe na njaa kwenu hurudishwa kwao, na kwamba Mkisii hawezi kujua Mjaluo hushiba nini. Yalinichoma, sikufichi. Lakini sikukuwekea kinyongo. Wewe ndiye uliyemlea Walter mama yenu alipofariki, ukamfunga mgongoni nawe ukiwa msichana wa miaka kumi tu. Tena ulikuwa na barua yake peke yake. Yangu hukuwa nayo. Wala mimi sikujua kwamba amekuandikia.

Mambo yalianza Mei mwaka jana. Walter alikuwa akirudi kutoka kiwandani Tyseley anakunywa maji jagi zima akiwa amesimama, na bado anasema koo limekauka. Suruali zilimlegea kiunoni. Nikampeleka kwa daktari, wakampima, wakakuta ni ugonjwa wa sukari. Akapewa vidonge, na mimi nikapewa karatasi inayoonyesha chakula: viazi gani, mkate kiasi gani, na kila kitu cha wanga kipimwe. Ndiyo mizani aliyokuandikia. Sikuinunua kwa uchoyo, wifi. Niliagizwa.

Siku ya kwanza nilipomwekea ugali uliopimwa, aliuangalia, akacheka. "Huu ni wa nani, wa kuku?" Nami nikacheka. Tulikuwa bado tunaweza kucheka.

Unajua kazi yangu ya unesi. Nashuka basi saa kumi na moja jioni, miguu imevimba, na wote wawili wana njaa. Nilikuwa sijui nipike nini cha haraka kisichokuwa chipsi wala soseji. Aliyenifungua macho ni jirani yetu Kulwinder, mama wa Kisingasinga aliyezaliwa Kisumu, mumewe alikuwa fundi wa reli. Walikuja huku mwaka sitini na nane. Siku moja alinikuta nje nimekaa kwenye ngazi na kikapu cha viazi, nimechoka hata kufungua mlango sikuweza.

"Mama Awuor," akaniambia, "wewe nachoka bure. Ndengu loweka asubuhi, enda kazi. Jioni dakika ishirini tu natosha."

Akaja jikoni kwangu akanionyesha. Ndengu zilizolala majini kutwa huiva upesi. Unazichemsha na tangawizi na manjano kidogo, kando unakaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja tu cha mafuta, unachanganya, na mwisho kabisa unatupia mboga za majani, zisije zikafa rangi. Huku hakuna sukuma wiki, lakini kuna majani ya kabichi changa yanayofanana nayo sana, ukiyakatakata membamba huwezi kujua. Badala ya chumvi nyingi unakamulia ndimu. Hata unga wa mahindi ni Kulwinder aliyenionyesha duka la Wapunjabi wanakouuza, wa manjano, maana nao wana chapati zao za mahindi.

Basi nikaanza kujifunza upya kama bibi harusi. Nilimpikia samaki wa bahari ya huku, ana mistari mgongoni, wanamwita makrel. Ana mafuta yake mwenyewe, huhitaji kumwongezea, unamlaza juu ya vitunguu na nyanya, unafunika sufuria na kupunguza moto, basi. Nilimpikia kuku niliyemvua ngozi, na karoti, na maharagwe machanga. Siku ambayo sikuwa na nguvu nilikaanga kabichi nikaivunjia mayai. Hakuna kilichonichukua zaidi ya nusu saa. Awuor alipenda, akawa anaomba ndengu hata Jumamosi.

Na vilifanya kazi, wifi. Kila asubuhi tulipima mkojo wake katika kichupa, unatia kidonge, kinachemka chenyewe. Rangi ya buluu ni nzuri, ya chungwa ni mbaya. Julai nzima ilikuwa buluu. Walter alikuwa akiniita kutoka bafuni, "Moraa, njoo uone mbingu!" Ile ilikuwa furaha yetu ya mwisho, nami sikujua.

Mwezi wa tisa Kamau, yule rafiki yake wa Stechford, alibatiza mtoto. Tulienda. Nyumba ilijaa Wakenya, wengine walitoka mbali kama Leicester. Nyama ilikuwa tele, wali, mandazi, soda. Walter alichukua sahani akaniangalia mimi kabla ya kupakua. Ni mazoea tu. Mtu mmoja akamwona akapaza sauti: "Onyango, onyesha kwanza cheti cha ruhusa kutoka kwa nesi! Jamani, huyu amelazwa wodini nyumbani kwake!" Watu wakaangua kicheko. Walter alicheka pia, lakini macho hayakucheka. Na mimi, wifi, Mungu anisamehe, nami nilicheka pamoja nao.

Alijaza sahani mara tatu.

Kuanzia hapo kila chakula cha jioni kikawa vita. Nikiweka samaki, anauliza nyama iko wapi. Nikiweka ndengu, anasema yeye si ng'ombe. "Mimi si mgonjwa wako," akaniambia. "Wagonjwa wako uliwaacha kazini." Nilijaribu kumweleza kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa machozi. Nadhani ndipo alipokuandikia wewe. Nawe ukamjibu ale kama mwanamume aliyelelewa na Milka. Barua hiyo nimeiona sasa tu, chini ya mto wake.

Oktoba, Jumatano moja, nilirudi nimesimama kutwa na mgonjwa anayekufa. Nikapika hivyo hivyo. Walter aliinua sahani yake, akaenda akaimwaga kwenye pipa la taka, taratibu, Awuor akitazama. Nikamwambia, "Basi kula unachotaka, ufe."

Nimeyaandika maneno hayo uyaone kama yalivyo. Nilimwambia mume wangu ale afe, mbele ya mtoto wetu.

Usiku huo alihamishia blanketi zake chumba cha mbele. Nikamwacha. Nilisema moyoni atarudi mwenyewe baridi ikimzidi. Hakurudi. Tukawa tunaishi kama wapangaji wawili. Niliendelea kumpikia, namfunikia sahani, na asubuhi naikuta ilivyokuwa. Mkojo hakunipa tena nipime. Nami nilikuwa na kiburi changu. Nikasema ni mtu mzima, karatasi ya daktari ameisoma.

Labda huko mlisikia kwamba tangu mwaka mpya serikali ya huku iliamuru viwanda vifanye kazi siku tatu tu kwa juma, makaa yalipungua na umeme ukawa wa kubania. Walter akawa yuko nyumbani siku nyingi. Yeye ndiye aliyekuwa akimchukua Awuor shuleni. Nilifurahi hata, nikaona angalau baba na mtoto wanakaa pamoja.

Kumbe mguu ulikuwa umeanza kabla ya hapo. Kiwandani kwao wanakereza vyuma, na vipande vyembamba vilivyojikunja kama maganda huruka kila mahali. Kimoja kiliingia kwenye kiatu chake. Mtu mwenye miguu mizima angeruka hapo hapo. Lakini sukari inaua hisia za nyayo. Daktari anakisia alikikanyaga wiki nzima bila kusikia kitu. Alipoona damu kwenye soksi alifunga kitambaa akanyamaza.

Wifi, kazi yangu ni kuosha miguu ya watu. Natazama katikati ya vidole vyao, nabadilisha bandeji, naandika. Wazee wa Kiingereza nisiowajua hata kwa majina, nyayo zao nazijua. Na mume wangu alikuwa akioza nyuma ya ukuta mmoja, nami sikuona, kwa sababu tulikuwa tumenuniana juu ya ndengu.

Aliyeniambia ni Awuor. Jumapili asubuhi, tarehe ishirini Januari, nilikuwa namsuka nywele twende kanisani. Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Akasema, "Mama, chumba cha baba kinanuka." Niliangusha chanuo. Nilipofungua mlango tu nilijua. Harufu hiyo nesi hahitaji kuambiwa ni ya nini.

Alikuwa amekaa kitandani na viatu vyake. Nikapiga magoti, nikafungua kamba. Soksi haikutaka kutoka. Vidole viwili vilikuwa vyeusi.

"Nilidhani ni baridi tu," akasema.

"Walter, kwa nini hukuniambia?"

Hakuniangalia. Alisema, "Ulisema nile nife. Nikaona nisikusumbue."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningeweza kumjibu. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Walimpeleka hospitali siku ile ile. Walijaribu dawa siku tatu. Daktari aliniita pembeni, akijua kazi yangu, hakunizungusha. Nikatia sahihi pale Walter aliposhindwa kushika kalamu kwa homa. Jina langu ndilo lililo kwenye karatasi ya kumkatia ndugu yako mguu. Ulijue hilo kutoka kwangu.

Wiki moja baadaye Awuor alinijia jikoni akilia hata hawezi kupumua. Ndipo nikajua kwamba siku zile za kiwanda kulala, Walter alikuwa akipita naye duka la chipsi kila alasiri, na soda, na keki. Alimwambia, "Hii ni siri yangu na yako." Mtoto akaitunza siri ya baba yake. Sasa aliniuliza kama akiacha chipsi maisha yake yote mguu wa baba unaweza kuota tena. Nilimwambia si kosa lake. Nimemwambia mara mia. Anaitikia kwa kichwa, halafu chakula kikiwa tayari anaenda kuchukua mizani na kupima viazi vyake mwenyewe, na kama vimezidi anarudisha kimoja sufuriani. Ni mtoto wa miaka tisa, mwembamba kama wewe ulivyomwona kwenye picha. Mwalimu wake ameniita. Sijui nimfanye nini.

Walter alirudi mwishoni mwa Februari. Magongo yapo lakini hayagusi. Anakaa chumba cha mbele anatazama barabara. Wiki hii viwanda vimerudi kwenye siku tano, na asubuhi anawaona wenzake wakipita kwenda Tyseley. Msimamizi wake alikuja mara moja, akakaa kwenye ncha ya kiti, akasema mashine zile zinataka mtu wa kusimama. Akaacha machungwa sita kwenye mfuko wa karatasi.

Na chakula, wifi, sasa anakula. Hilo ndilo linaloniua. Naweka samaki na mboga, anakula. Naweka ndengu bila chumvi, anakula. Haulizi nyama, haulizi ugali, hasemi ni chakula cha kuku wala cha ng'ombe. Anamaliza, anasema asante, anaweka kijiko. Mkojo wake umerudi kuwa buluu na hakuna anayeniita nikaone. Zamani nililia kwa sababu anakataa chakula changu. Laiti angekataa leo, hata amwage tena mbele yangu, ningejua Walter bado yumo.

Juzi nilimpikia kuku kwa nazi, mwaka mzima sijagusa nazi, na ugali wa kutosha mtu mzima. Nikasema karatasi ya daktari ipumzike siku moja. Aliangalia ile sahani kwa muda mrefu. Kisha akakata ule ugali, akala kiasi kile kile cha mizani, uliobaki akausogeza kando. Akaniambia, "Nimeshajifunza, Moraa." Nikatoka nikaenda kusimama uani.

Wifi, kuna jambo linakuhusu wewe. Daktari aliuliza kama nyumbani kwao kuna mwingine mwenye sukari. Walter akakumbuka kidonda cha baba yenu ambacho hakikupona mpaka akafa nacho, watu wakasema amerogwa. Na wewe katika barua yako uliandika, kama jambo la kupita tu, kwamba kiu haikuachi siku hizi na usiku unaamka mara nne. Nenda hospitali, Milka. Nenda wiki hii, usingoje. Waambie wapime mkojo. Na hata kabla ya jibu, punguza sukari kwenye chai na upike kama nilivyoandika hapo juu. Ndengu kwenu ni rahisi kuliko huku, sukuma wiki iko mlangoni, samaki wa ziwa mchemshe, usimzamishe katika mafuta. Ugali uwe kidogo, mboga ziwe nyingi. Na ukimwona Baba Otieno anakununia kwa hilo, usimjibu nilivyomjibu wangu. Na kila jioni vua viatu utazame nyayo zako, au Otieno akutazamie.

Ulisema nirudishwe kwetu. Nikiona Walter amesimama, unaweza kunirudisha. Sitabisha. Lakini kwa sasa nakuomba umwandikie yeye. Usimwambie pole peke yake, pole amezisikia zimemjaa. Mwandikie umgombeze kama ulivyokuwa ukimgombeza akiwa mdogo. Mimi sina tena sauti ya kumgombeza. Niliitumia vibaya, nayo imeisha.

Limebaki moja, na ndilo lililonikalisha kuandika leo.

Sasa kila jioni kabla ya kula namwosha ule mguu uliobaki. Namkausha katikati ya vidole kwa kitambaa laini, namtazama chini ya wayo kwa taa. Yeye mwenyewe hawezi kuona huko. Alhamisi, karibu na kisigino, nilikuta doa. Ni dogo, kama punje ya mtama, jekundu. Nililigusa kwa kidole, nikabonyeza. Hakusikia kitu. Alikuwa akitazama dirishani.

"Mguu uko sawa?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Uko sawa."

Nimepiga simu, daktari atamwona Jumanne. Amesema huenda si kitu, nisiharakishe kuogopa. Lakini mimi ni nesi. Jana doa lilikuwa la punje mbili. Nimemwambia Walter kwamba Jumanne ni kwenda kupimwa magongo. Kulwinder sijamwambia, Awuor hawezi kuambiwa. Hakuna mtu duniani anayejua kuhusu doa hili ila mimi, na sasa wewe. Barua hii itakapokufikia Jumanne itakuwa imeshapita, na lililokuwa litakuwa limekuwa. Hata hivyo nimekuandikia. Usiku nikilala nataka nijue kuna mtu mwingine anayempenda ambaye hili litamfikia, ili nisilibebe peke yangu mpaka mwisho.

Nisalimie Baba Otieno, umwambie asibebe magunia. Nisalimie Otieno, na shangazi yenu Dorka kama bado anawatembelea siku za soko. Awuor amebusu hapa pembeni mwa karatasi, ndiyo alama hii ya mafuta. Walter hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake nakupa mimi bila kutumwa.

Mungu aliyekupa mgongo wa kumbeba mdogo wako akupe na nguvu ya kuisoma barua hii mpaka mwisho, na awafunike nyote hapo mlipo.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Moraa